Mionzi na vihami vya kauri: maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Nafundisha fizikia hapa Dodoma. Maswali haya sikuyatunga. Yamenifikia darasani, kwenye daladala, na zaidi ya yote kwenye gereji moja ya bodaboda kule Majengo, ambako fundi anajua ninachofundisha na hanionei huruma. Utaona narudia mambo mawili hadi pengine yakuchoshe: umepima lini, na umepima wapi. Nusu ya ubishi kuhusu jinsi mionzi inavyokifanya kihami, yaani kizuizi cha umeme, kianze kuupitisha, hata ule wa wanasayansi wakubwa, ulizaliwa kwa sababu mtu alisahau moja kati ya hayo.

Kihami cha kauri ni kitu gani? Nimewahi kukiona?

Umekiona leo. Vile vikombe vya kahawia vinavyoshikilia nyaya juu ya nguzo za umeme ni kauri. Ukipanda SGR kutoka Dar, waya ulio juu ya treni una volti 25,000, na vihami ndivyo vinavyouzuia usishuke kwenye nguzo.

Lakini cha kukishika mkononi kizuri zaidi ni plagi ya pikipiki. Siku ya kwanza fundi wangu alinitolea moja nyeusi kwa masizi, akaifuta kwa tambara lenye petroli, ikabaki shingo nyeupe inayong'aa kama jino. "Ticha, hiki cheupe nacho ni plastiki?" Hapana. Ni oksidi ya alumini, tunayoiita alumina, na huwa ni zaidi ya asilimia 90 ya hiyo shingo. Inazuia volti elfu kumi na zaidi zisiruke pembeni, tena ikiwa ndani ya moto. Yake ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Ufa ule ulitosha kuifanya pikipiki ikohoe tangu Nkuhungu.

Kingine kiko jikoni. Kata hita ya maji iliyoungua, ile ya kuchovya kwenye ndoo. Katikati utakuta waya uliojikunja, nje bomba la chuma, na kati yake unga mweupe ulioshindiliwa. Huo ni oksidi ya magnesi. Kebo za vyombo vya kupimia ndani ya vinu vya nyuklia zimetengenezwa kwa mtindo huohuo: waya, unga, bomba. Kwa hiyo ukiwa na hita mbovu una kielelezo cha kebo ya kinu.

Kwa nini kauri haipitishi umeme?

Kwa sababu elektroni zake zimefungwa. Fikiria zizi la ng'ombe lenye ukuta mrefu mno. Ndani ya alumina ukuta huo una kimo cha elektroni-volti 9 hivi (kipimo kidogo mno cha nishati), wakati joto la kawaida la chumba linaipa elektroni msukumo wa elektroni-volti 0.025 tu. Hairuki. Ndiyo maana alumina ya kawaida, ikiwa safi na kavu, ina upitishaji chini ya simensi 10⁻¹² kwa mita (simensi kwa mita ni kipimo cha wepesi wa kitu kupitisha umeme; 10⁻¹² ni sehemu moja ya trilioni).

Sasa mionzi inafanya nini?

Inaingia zizini na kuwatoa ng'ombe kwa nguvu. Fotoni ya gama, yaani punje moja ya mionzi hiyo, au elektroni yenye kasi ikipita ndani ya kauri inazigonga elektroni na kuzitupa upande wa pili wa ukuta, zinakoweza kutembea. Kila inayotoka inaacha nafasi wazi, yaani tundu, na tundu nalo huweza kuhama. Ukiweka volti wakati huo, mkondo unapita. Kihami kimeanza kupitisha umeme ingawa hakijapasuka, hakijalowa wala hakijapata moto.

Wanafunzi wangu huwa hawaamini mpaka tupige hesabu, basi tuipige. Grei ni kipimo cha nishati ya mionzi ambayo kitu kimefyonza: grei moja ni jouli moja kwa kilo. Kilo 3,970 za alumina zinajaza mita moja ya ujazo. Tukisema kila jozi ya elektroni na tundu inagharimu elektroni-volti 25 (inakuwa mara mbili au tatu ya kimo cha ukuta, kwa sababu nishati nyingine inapotea kama joto), grei moja inazalisha jozi kama milioni bilioni moja katika kila sentimita ya ujazo. Inasikika nyingi kupita kiasi. Lakini atomi zilizomo humo ni nyingi zaidi: kila jozi inapata atomi kama milioni mia moja za kuzurura katikati yake. Na jozi hizo haziishi sana. Elektroni inarudi kwenye tundu au inanaswa njiani, mara nyingi ndani ya sehemu ndogo mno ya sekunde.

Kwa hiyo kinachoamua upitishaji ni kasi ya kupokea mionzi, yaani grei kwa kila sekunde. Jumla uliyopokea tangu mwaka jana haiamui. Ni kama bomba linalojaza ndoo iliyotoboka: kina cha maji kinafuata bomba limefunguliwa kiasi gani sasa hivi.

Ongezeko ni kubwa kiasi gani?

Kwa alumina, chukua kama simensi 10⁻¹⁰ kwa mita kwa kila grei moja ya sekunde. Namba hiyo inayumba sana, hata mara mia juu au chini, kutegemea usafi wa kauri, joto na namna ilivyochomwa. Ongezeko linafuata kasi ya mionzi karibu sawia: ukizidisha mionzi mara kumi, upitishaji nao unazidi karibu mara kumi.

Ukutani mwa ITER, mtambo wa kuunganisha viini vya atomi unaojengwa kusini mwa Ufaransa, vihami vya karibu na moto vimekadiriwa kupokea maelfu ya grei kwa sekunde. Kumbuka grei 4 hadi 5 za mwili mzima zinatosha kuua nusu ya watu wasiopata matibabu. Kwa grei 1,000 za sekunde, alumina yetu inafika simensi 10⁻⁷ kwa mita. Imepanda mara laki moja au zaidi.

Na bado ni kihami! Maji ya kisima cha Dodoma, haya yetu yenye chumvi inayoganda kwenye birika, yanapitisha umeme kama mara milioni moja zaidi ya alumina hiyo iliyomo motoni. Kipande cha sentimita moja kila upande kingebaki na ukinzani wa omu bilioni moja. Volti elfu zingepitisha mikroampia moja. Kwenye nyaya za umeme mkubwa hicho si kitu. Kwenye kipimo ambacho ishara yake yenyewe ni mikroampia, umeshaharibikiwa.

Mionzi ikizimwa, kihami kinarudi?

Kinarudi, na kwa sehemu kubwa papo hapo. Kinabaki kimkia kidogo kinachofifia polepole kwa sababu baadhi ya elektroni zilinaswa kwenye mitego, yaani kasoro na uchafu ndani ya kauri, na zinachomoka moja moja kwa msaada wa joto.

Unaweza kuiona tabia hii mezani bila mionzi yoyote ya hatari. Nenda duka la vifaa vya umeme, ulizia fotoseli, kile kijicho cha taa za nje kinachoziwasha giza likiingia. Ndani yake mara nyingi kuna kidude chenye mstari wa nyoka-nyoka. Kishike kwenye mita ya fundi. Juani kinaonyesha omu mia chache. Kifunike kwa kidole, namba inapanda hadi maelfu, kisha inaendelea kupanda taratibu hata baada ya giza kuwa giza kamili. Huo mwendo wa taratibu ndio mkia ninaousema. Tofauti ni ukuta tu: kwa kidude hicho ukuta ni mfupi, mwanga wa jua unatosha. Kwa alumina hata taa ya urujuanimno ya kuulia vijidudu, ambayo fotoni yake ina elektroni-volti karibu 5, haivuki.

Ndiyo maana nauliza: umepima lini? Aliyekitoa kihami kwenye kinu, akakipeleka maabara, akakipima kesho yake na kukuta kizima, amepima kitu kingine kabisa.

Basi hakuna uharibifu wa kudumu?

Upo, na hapa ndipo pana hadithi.

Kwanza kuna uharibifu usiobishaniwa. Nyutroni, chembe isiyo na chaji inayotoka kwenye kiini cha atomi, ni nzito kuliko elektroni; inagonga atomi yenyewe na kuing'oa mahali pake. Kwenye mtambo wa kuunganisha viini nyutroni inatoka na nishati ya elektroni-volti milioni 14.1, wakati atomi ya alumini ndani ya alumina inang'oka kwa makumi machache tu ya elektroni-volti. Nyutroni moja inaacha fujo ndefu. Kauri inavimba kidogo, inalegea, na inapoteza uwezo wa kupitisha joto, hadi nusu au chini ya hapo. Hilo la joto watu wanalipuuza. Kihami kisichotoa joto kinachemka chenyewe, na kauri iliyochemka inapitisha umeme zaidi hata kama mionzi haipo.

Sasa hadithi yenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1980, E. R. Hodgson wa maabara ya CIEMAT huko Madrid aliripoti jambo lililowashtua wahandisi. Alipiga alumina kwa elektroni huku imewekewa volti na imepashwa joto la mamia ya nyuzi. Mwanzoni ilifanya kama ilivyotarajiwa. Kadiri muda ulivyokwenda upitishaji ukaanza kupanda, na alipozima mionzi haukushuka. Bila volti, au bila joto, jambo hilo halikutokea. Kama ni kweli kwa kila alumina, vihami vya mitambo ya baadaye vilikuwa vimekufa kabla ya kuzaliwa.

Miaka ya 1990 ikaenda kwa ubishi. Wengine walirudia wakaona, wengine wakarudia wasione. Wenye shaka wakauliza swali ambalo fundi yeyote wa umeme angeuliza: una uhakika mkondo unapita ndani ya kauri, haupiti juu ya ngozi yake? Ndani ya ombwe, chini ya mionzi na joto, kijitabaka chembamba cha kaboni au metali kinaweza kutanda juu ya kipande, nacho kinapitisha vizuri tu. Nyufa nazo zilionekana kwenye baadhi ya vipande. Dawa ni kuzungusha pete ya metali kuzunguka elektrodi (kiungio cha waya) ya kupimia ili mkondo wa juu juu unaswe kabla haujafika kwenye mita. Katikati ya muongo huo alumina iliwekwa ndani ya kinu cha HFIR kule Oak Ridge, Marekani, ikiwa na volti na joto, kwa muda mrefu, na anguko lililoogopwa halikuonekana.

Mimi sipendi kusema Hodgson alikosea. Aina za alumina zinatofautiana, na mazingira ya elektroni si ya nyutroni. Ila ubishi ule ulifundisha watu kupima: pete ya ulinzi, kuangalia nyufa, kupima mionzi ikiwa imewashwa na ikiwa imezimwa. Umepima wapi?

Ninaishi karibu na Bahi. Urani iliyoko ardhini inaharibu vihami vya nguzo?

Hapana, na swali hili ndilo ninaloulizwa kuliko yote tangu habari za urani ya Bahi na Manyoni zivume.

Hata tukichukua mahali penye mionzi kuliko kawaida, tuseme mikrogrei moja kwa saa, hiyo ni kama sehemu tatu za bilioni kumi za grei kwa sekunde. Zidisha na ile namba yetu ya alumina: ongezeko linakuwa kwenye simensi 10⁻²⁰ kwa mita. Ni dogo mara milioni nyingi kuliko upitishaji ambao kauri inao tayari ikiwa imekaa kimya. Hakuna mita itakayouona. Hofu ya urani ina mahali pake pa haki, kwenye vumbi la kuvuta na maji ya kunywa. Nguzo iache.

Mbona basi vihami vinapiga cheche mvua za kwanza zikinyesha?

Kwa sababu ya vumbi. Kuanzia Mei hadi Oktoba Dodoma karibu hainyeshi, upepo unapuliza, na vikombe vinavaa tabaka jekundu lenye chumvi. Likiwa kavu halina neno. Kisha inakuja manyunyu ya kwanza, ile mvua ya kuloanisha isiyotosha kuosha, na tabaka linageuka tope linalopitisha umeme. Unasikia mlio wa kukaanga, usiku unaona mwanga wa buluu unatambaa. Mvua kubwa ikinyesha inaosha, kelele inakwisha.

Ona basi: ndani ya kauri ni salama, ngozi ndiyo iliyosaliti. Kosa lilelile la maabara za miaka ya 1990, hapa linaonekana kwa macho juu ya nguzo. Mikunjo ya kikombe kama sketi imewekwa ili kuirefusha njia ya mkondo juu ya ngozi hiyo.

Nani basi anapaswa kuumiza kichwa?

Wanaotengeneza vipimo vya ndani ya vinu. Koili zinazopima usumaku wa ITER zina waya uliozungukwa na kauri, na ishara yake ni ndogo sana. Mionzi ikiupa unga upitishaji kidogo, ishara inavuja. Kuna na kero nyingine: mionzi inaweza kuhamisha elektroni kutoka kwenye waya wa kati kwenda kwenye bomba la nje au kinyume, kebo ikazalisha mkondo wake bila kuulizwa. Mhandisi anaona namba kwenye skrini wakati hakuna kinachopimwa.

Wa hospitali, hapana. Mashine ya eksirei inawashwa kwa sehemu ya sekunde, na kinachochosha vihami vyake ni volti kubwa na joto.

Kauri ipi inavumilia zaidi?

Hapa Tanzania ya kati tuna haki ya kujidai kidogo. Alumina ikiwa fuwele moja kubwa inaitwa korandamu, na ikipata chembe za kromi inakuwa nyekundu: rubi. Rubi za Winza, wilayani Mpwapwa, zilizotikisa soko la vito mwaka 2008, ni madini yaleyale ya shingo ya plagi. Fundi wangu nilipomwambia alicheka, kisha akaiweka plagi mfukoni.

Jirani zetu wa Mahenge, Morogoro, wana spineli, ambayo ni magnesi, alumini na oksijeni. Spineli inasifika kwa kustahimili nyutroni: atomi zake zilizong'olewa zinapata nafasi za kurudi kwa urahisi zaidi, hivyo haivimbi sana kama alumina. Kwa upitishaji wa papo kwa papo, hata hivyo, hakuna kauri iliyokingwa. Zote zinapanda. Cha kushangaza, kauri chafu kidogo mara nyingi inapanda kidogo kuliko iliyo safi sana, kwa kuwa uchafu unazinasa elektroni kabla hazijafika mbali.

Ni kweli mionzi inabadilisha rangi ya jiwe?

Kweli. Oksijeni inapokosekana mahali pake, elektroni zinakaa kwenye nafasi hiyo na kufyonza mwanga. Elektroni zilizonaswa kwenye uchafu nazo zinatia rangi. Yakuti nyeupe, ambayo nayo ni korandamu, ikipigwa mionzi inaweza kugeuka njano ya kupendeza, na njano ya namna hiyo mara nyingi inafifia ikikaa juani. Ukiuziwa yakuti ya njano kwa bei inayokushangaza, iache dirishani siku kadhaa kabla ya kushangilia.

Kauri iliyopigwa gama, nikiigusa nitapata mionzi?

Ya gama ya kobalti-60, hapana. Inatoka ilivyokuwa. Ya nyutroni ni habari nyingine: alumini inageuka alumini-28, ambayo inapungua nusu kila dakika mbili na ushei, na nyutroni za kasi zinazalisha sodiamu-24 ya saa 15. Uchafu wa kobalti au chuma unaweza kukaa miaka. Hicho hukigusi.

Naweza kupima mwenyewe?

Kwa chanzo cha mionzi, usijaribu. Vyanzo vinaendeshwa kwa leseni chini ya Sheria ya Nguvu za Atomiki ya mwaka 2003, na hilo ni jambo la kufanywa chuoni na wanaoruhusiwa.

Lakini unaweza kujizoeza kwa hita mbovu na ile mita ya insulesheni mafundi wanayoiita mega. Mwaka juzi nilipima hita iliyokaa stoo masika yote. Waya dhidi ya bomba ilinipa omu laki chache, nikatangaza mbele ya darasa kwamba unga umekufa. Mwanafunzi mmoja wa nyuma akauliza kama tumeikausha. Unga wa oksidi ya magnesi unanyonya unyevu kupitia ncha za bomba. Tuliiweka juu ya bati la paa tangu saa nne asubuhi hadi saa tisa, jua la Dodoma la Oktoba, tukafuta ncha kwa spiriti, tukapima tena. Sindano ilikwenda hadi mwisho wa mita, upande wa ukinzani mkubwa kabisa, ikabaki hapo.